Mfinyanzi na Umbo la Mtu

Miongoni mwa vitu vinavyotengenezwa kwa mkono wa binadamu, hakuna kimkaribiacho binadamu mwenyewe kuliko mwanasesere. Chungu hufinyangwa ili kipikiwe, na jembe hufuliwa ili lilimiwe, bali mwanasesere hutengenezwa ili afanane na mtu. Ana uso, mabega, viganja na nyayo, ijapokuwa hana uhai. Mfanano huo ndio unaozaa swali ninalokusudia kulichunguza katika makala hii: je, afinyangaye umbo la mtu ana deni lolote kwa umbo hilo, au udongo ni udongo tu, na mwenye udongo yu huru kuutenda apendavyo?

Huenda msomaji akaona kuwa swali hili ni la kitoto, kwa vile wanasesere ni vitu vya watoto. Lakini mengi tunayoyaamini juu ya mwili wa mtu, heshima yake na mipaka ya kumtendea, tulianza kujifunza kwa vitu tulivyovishika kabla hatujajua kusoma. Mwingine aweza kuuliza kwa nini, katika kitabu cha utamaduni wa taifa, tuanze na ufundi wa Wajapani. Jibu lilikwisha kutolewa zamani. Mwalimu Julius Nyerere, alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alihimiza kufufuliwa kwa mila zetu zilizo bora, na papo hapo akaonya kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine linajipumbaza. Basi na tuwatazame wengine kwanza, kisha turudi kwetu.

Wanasesere ninaotaka tuwaangalie ni wale wenye viungo vya tufe. Kila kiungo chao kina kitufe kinachozunguka ndani ya tundu lililochongwa mfano wa kikombe. Mwili wa mtu una viungo vya namna hiyo begani na nyongani. Fundi wa wanasesere huvitumia pia shingoni, katika viwiko, magoti na vifundo. Huko Japani mafundi wengi huwatengeneza kwa udongo uliochanganywa na unga wa mawe, ambao hauchomwi katika tanuri, bali huachwa ukauke kwa hewa.

Kazi huanza kwa mchoro. Fundi humchora mwanasesere kwa kimo kile kile atakachokuwa nacho, kwa mbele na kwa ubavuni. Kisha huchonga kiini cha povu gumu la plastiki, chembamba kuliko mchoro, na kukifunika kwa udongo uliosukumwa kama chapati hadi ukawa bapa lenye unene wa milimita chache. Udongo ukisha kukauka, baada ya siku kadhaa, hupasuliwa kwa kisu, kiini kikatolewa, na nusu mbili zikaunganishwa tena kwa udongo mbichi. Ndiyo kusema kuwa mwanasesere huyo yu mtupu ndani, na utupu huo una kazi, kwani ndimo ipitamo kamba ya mpira iunganishayo kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu. Vitufe hufinyangwa mbali, vikasuguliwa kwa msasa mpaka vikazunguka bila kukwama. Mwisho mwili hupakwa rangi. Wanasesere wa jadi wa Kijapani walipakwa gofun, yaani unga mweupe wa makombe ya chaza uliochanganywa na gundi itokanayo na wanyama.

Udongo huu una tabia mbili zinazomfunza mfinyanzi. Ya kwanza ni kwamba hauharakishwi. Ukikaushwa juani kwa pupa, uso wake husinyaa kabla ya ndani, nao hupasuka. Ya pili ni kwamba hausahihishwi mara moja tu. Wahenga wetu walisema udongo uwahi ungali maji, na usemi huo ni kweli kabisa kwa chungu, ambacho moto ukisha kukipitia hakirudi tena kuwa udongo. Lakini udongo wa unga wa mawe, hata ukiwa umekauka, waweza kukwanguliwa, kuloweshwa na kuongezewa mwingine. Shavu lililopinda hunyoshwa, na kidole kilichovunjika hufinyangwa upya. Kwa hiyo fundi hana udhuru. Kasoro iliyobaki katika kazi yake imebaki kwa sababu ameikubali.

Hata hivyo, somo kubwa zaidi limo katika kiungo. Kikombe cha kiwiko kikiwa kipana mno, mkono hukunjika kuelekea nyuma, jambo ambalo mkono wa mtu mzima wa afya haufanyi. Kikiwa chembamba mno, haukunjiki kabisa. Kamba ya mpira ikilegea, mwanasesere huanguka kifudifudi. Ikikazwa kupita kiasi, viungo huruka vyenyewe, na kingo za udongo humeguka. Mwanasesere husimama kwa sababu ya mvutano uliopimwa. Basi fundi hulazimika kuushika mkono wake mwenyewe, aukunje na kuukunjua, atafute ni wapi mfupa unakataa. Kikomo hicho, ambacho mwili umepewa na maumbile, yeye anapaswa kukiweka kwa makusudi. Asipokiweka, hakipo.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa zito. Mwanasesere mwenye viungo hukubali kila mkao. Hakatai, halalamiki, wala hageuzi uso. Mwenye kumshika huweza kujizoeza heshima juu yake, na huweza pia kujizoeza ubabe. Jambo hili limekwisha kuonekana katika historia ya sanaa hiyo. Mwaka 1933, Wanazi waliposhika serikali ya Ujerumani, msanii Hans Bellmer aliazimia kutofanya kazi yoyote yenye manufaa kwa dola ile, akaanza kutengeneza mwanasesere mkubwa mwenye umbo la msichana. Baadaye, akivutiwa na wanasesere wa mti wa karne ya 16 waliokuwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, alitengeneza wa pili mwenye viungo vya tufe. Alivikongoa na kuviunga viungo vile kinyume cha maumbile, akapiga picha. Wako waliosema kuwa picha zile zilikuwa pingamizi dhidi ya utawala ulioabudu mwili mkamilifu na kuwadharau wanadamu wengine. Wako waliosema kuwa msanii aliupinga ukatili kwa kuutenda ukatili mwingine juu ya umbo la mwanamke. Mimi naona hoja zote mbili zina uzito, na kwa sababu hiyo hiyo nasema kuwa nia njema ya fundi pekee haitoshi kulilipa deni lake.

Picha ya mwanasesere wa Bellmer ilimfikia kijana wa Kijapani, Yotsuya Simon, mwaka 1965, kwa njia ya gazeti. Aliacha namna yake ya zamani ya kutengeneza wanasesere, na mwaka 1978 akafungua shule ya ufundi huo mjini Tokyo. Lakini mbegu ile ya kigeni iliangukia katika udongo wenye mila zake. Neno la Kijapani la mwanasesere, ningyo, huandikwa kwa alama mbili, ya kwanza ya mtu na ya pili ya umbo. Tena wako Wajapani wasiopenda kumtupa mwanasesere aliyechakaa pamoja na takataka. Humpeleka hekaluni akasomewe dua ya kuagwa, kama ifanyikavyo kila mwaka tarehe 25 Septemba katika hekalu la Kiyomizu Kannon-do, mtaa wa Ueno, Tokyo. Hawasemi kuwa udongo una roho ya mtu. Wanakiri tu kuwa kitu kilichobeba sura ya mtu hakiagwi kama gae.

Na sisi je? Wazaramo na Wakwere walikuwa na mwana hiti, kinyago kidogo cha mti alichopewa mwali akiwa ndani. Mwana hiti hana mikono wala miguu. Ni kiwiliwili na kichwa chenye kishungi. Hakunjiki hata kidogo. Lakini mwali alimwogesha, akampaka mafuta na kumtunza, akajifunza kwa mikono yake kazi ya ulezi iliyokuwa ikimngojea. Huko Usukuma mafundi walichonga sanamu zenye viungo vya kuchezeshwa, zikaletwa uwanjani katika mashindano ya ngoma. Na katika unyago na jando za makabila kadhaa, wanafunzi walionyeshwa sanamu za udongo, kila moja na wimbo wake na fundisho lake. Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alizikusanya na kuziandikia kitabu kilichotoka mwaka 1956. Ni vyema kwamba zilihifadhiwa. Lakini sanamu iliyotengwa na wimbo wake na somo lake ni nusu ya kitu. Utamaduni uliokuwa ndani yake ulikaa katika kufinyanga, kuonyesha na kufundisha, zaidi ya kukaa katika udongo wenyewe.

Sasa naweza kulijibu swali. Mtu atasema: udongo hauumii, basi deni latoka wapi? Ni kweli kuwa udongo hauumii. Lakini mfinyanzi hakulitunga umbo la mtu. Ameliazima kwa watu. Kiwiko kile ni cha mama yake, shavu lile ni la jirani, mgongo ule ni wa mzee aliyemwona njiani. Anayeazima kitu cha watu hutakiwa akitunze, na deni lake ni kwa wenye kitu. Fundi amaliziaye kiwiko mahali panapostahili amewakiri watu hao. Anayewaundia watoto umbo la mtu lisilo na kikomo amewafundisha, bila kusema neno, kuwa mtu hana kikomo cha kutendewa.

Mwingine atasema kuwa siku hizi wanasesere hununuliwa tayari. Tangu mwaka 1999 kampuni ya Kijapani ya Volks imekuwa ikiuza wale wenye viungo vya tufe waliotolewa katika kalibu, tena wazuri, na mshipi wa kufinyangia wiki nzima ni wa nini? Simlaumu anunuaye. Hata mafundi wetu wanajua kuwa mfinyanzi hulia gaeni, wala kazi ya mkono haikuahidi utajiri. Ila mnunuzi hupokea utiifu wa mwanasesere bila ya kupitia kazi iliyouwekea utiifu huo mipaka. Kilichomfunza fundi kimebaki kwa fundi.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kuuhifadhi utamaduni, tusitosheke na makabati ya vioo. Udongo wa kufinyangia unapatikana kwetu mabondeni na kandokando ya mito, nao hauhitaji tanuri kwa kazi ya darasani. Mwalimu na awagawie watoto udongo, awaambie wafinyange mkono wa mtu unaokunjika. Wengi wataukosea mara ya kwanza. Kisha mmoja wao ataushika mkono wa mwenzake, ataukunja polepole, na atauliza kama unauma.