Ngamani Si Kaburini

Kila Desemba, mabasi ya Dar es Salaam yanapoanza kushusha watu Moshi usiku na mchana, methali moja hupanda mlimani pamoja na abiria. Utaisikia kanisani Uru wakati wa matangazo, utaisikia kwenye kilabu cha mbege Kibosho, utaisikia Marangu mwenyekiti wa ukoo akiwakaribisha waliotoka mbali, hasa waliotua uwanja wa ndege wa KIA wakitokea Marekani: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Watu hupiga makofi. Mara nyingi msemaji huongeza ya kwake: zungukeni dunia yote, hapa mtarudi tu. Wenyeji hucheka kwa kuridhika, waliokuja hutabasamu, na sherehe inaendelea.

Nadhani methali hii tumeidhulumu, na kwa kuidhulumu tumedhulumiana sisi wenyewe.

Waliobaki wameigeuza fimbo. Humchapa nayo kijana aliyeko Houston au Minnesota kila anapochelewa kutuma ada ya mpwa wake, kila anaposema mwaka huu hatakuja. Maana yake katika vinywa vyao ni kwamba aliyeondoka ni mkosaji aliyepewa muda, na siku yake inahesabiwa. Walioondoka nao wameigeuza hati ya kuahirisha. Mama anaumwa, lakini marejeo si ni ngamani? Kihamba, shamba letu la ukoo, kimeota magugu, lakini si nitarudi? Na kweli hurudi. Kundi la WhatsApp la msiba linafunguliwa, michango inakusanywa kutoka majimbo mbalimbali, jeneza linapitishwa Amsterdam au Addis Ababa, na mtu ambaye migomba ya kwao ilikwisha kumsahau anazikwa katikati yake mbele ya umati mkubwa. Mhubiri anaitaja methali ileile, na hapo tunaona imetimia.

Kama methali ni utabiri kwamba kila aliyekwenda atarudi, basi Old Moshi yenyewe inaukanusha. Mangi Meli, mtawala wa pale, alinyongwa hapo tarehe 2 Machi 1900, yeye na viongozi wenzake, kwa amri ya Wajerumani. Kumbukumbu ya familia yake inasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Anael Meli, ametumia miongo mingi akidai kirudishwe. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliyaunganisha baadhi ya mafuvu yaliyohifadhiwa Berlin na familia za Kilimanjaro zilizo hai leo. La Meli halikuwamo. Mtu anayejua habari hii hawezi kusimama mlimani na kutangaza kwamba kurudi hutokea kwenyewe, kama mvua za masika. Wapo waliokwenda wasirudi, na wapo wanaotakiwa kutafutwa kwa jasho la vizazi. Marejeo ni kazi ya mtu.

Sisi watu wa mlimani tuliichukua methali hii kwa watu wa pwani, na njiani tukaipunguza. Tumeshika kwamba ngamani ni nyumbani, tukaishia hapo. Lakini mabaharia hawakuchagua neno kwa mzaha: wangeweza kusema marejeo ni bandarini, au ni pwani kwa mkewe, au ni kitandani. Walisema ngamani. Ngama ni sehemu ya chini ya jahazi, ambako maji yanayopenya kwenye mbao hukusanyika, na ndiko mabaharia hushuka kuyafua na kuyarudisha baharini. Hapana baridi ya upepo pale, hapana mandhari. Pana unyevu, harufu na ndoo. Jahazi lisilofuliwa maji huzama hata kama tanga lake ni jipya na nahodha wake ni hodari.

Mwalimu mmoja mstaafu, mzee ninayemheshimu sana, hukataa maelezo haya. Kwake methali inazungumzia mwisho wa binadamu: ngama iko chini, kaburi liko chini, na kila mtu hushuka. Hupenda kuitaja msibani kwa sababu inafariji. Nami namjibu kwa heshima zote kwamba anayefua maji yu hai, tena chombo chake kingali safarini. Methali haijafika nchi kavu. Haina mazishi ndani yake. Mzee akiutaka msemo wa kaburi, tunayo mingi na mizuri; huu tumwachie mtu anayepumua.

Tena kuna jambo ambalo wenye fimbo hawataki kulitazama. Tezi ni nyuma ya jahazi na omo ni mbele yake; zote mbili zimo ndani ya jahazi hilohilo. Aliyekwenda tezi au omo hakuruka baharini, hakuhamia chombo cha mwingine. Amekwenda mbali kadiri chombo kinavyomruhusu, pengine kwa kazi yenye faida kwa wote: kutazama mwamba, kukaza kamba, kushika usukani. Methali haimshitaki. Wala wazee wetu hawakuwashitaki walioondoka, kwa sababu wao ndio waliowatuma. KNCU, ushirika wetu wa kahawa, iliundwa mwaka 1933, na kwa miaka mingi fedha ya kahawa ya vihamba ndiyo iliyosomesha watoto wa mlima huu. Shule ikawatoa mlimani. Ardhi nayo ikagawanywa kwa wana, wana wakaigawa kwa wajukuu, mpaka kihamba kikawa hakimtoshi hata mmoja kati ya wanne. Kijana alipopanda ndege hakuvunja agizo la mtu yeyote. Kumwita mtoro leo, baada ya kuuza kahawa ili aende, ni uonevu.

Lakini kwa hoja hiyohiyo, aliyeko omo hana ruhusa ya kusema ameondoka. Maji yakiingia ngamani yanamhusu.

Hapa ndipo waungwana wengi hutoa simu na kuonyesha miamala: nimetuma hii, nimetuma ile. Naiheshimu fedha hiyo, najua inavyopatikana. Ila tuangalie mifereji yetu. Maji yanayoshuka kutoka msituni hayakuja kwenye migomba kwa hiari yake. Yaliletwa na mababu waliochimba mifongo kando ya miteremko, na mpaka leo mfereji hudumu kwa sababu wanaoutumia hutoka siku ya kusafisha. Asiyetoka hutozwa faini. Faini ni ya haki, na anayeilipa hana deni. Lakini kila mtu akichagua kulipa faini, mfereji unaziba, na hakuna noti iliyowahi kuzoa tope. Ndivyo zilivyo familia nyingi za mlimani siku hizi. Faini zinalipwa kwa wakati. Nyumba imeezekwa vigae, ina geti na mlinzi, inafunguliwa siku chache za Krismasi. Nyuma yake, katika jiko la zamani, bibi anakula peke yake kitawa alichopikiwa na binti wa mbali ambaye lugha ya bibi haijui.

Binamu yangu anaishi Texas na anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe hufanya zamu ya usiku, yeye ya mchana au jioni, kwa sababu malipo ya kulelewa watoto huko yangemeza mshahara wote wa mmoja wao; watoto huwaona wazazi kwa zamu. Jumapili hununua ndizi mbichi kwenye duka la Waafrika wa Magharibi, hupika mtori, na watoto hulalamika kwamba wanataka pizza. Ana maoni makali kuhusu kwao na kuhusu huko. Anasema Wamarekani wanamwuliza mzee anataka nini kabla ya kumvalisha hata soksi, na sisi tunaojisifu kwa heshima hatuwaulizi wetu lolote. Sikubaliani naye katika yote, ila hilo sikuweza kulipinga. Siku moja aliniambia: “Kaka, mimi huku nawaogesha mama za watu, na mama yangu anaogeshwa na mtoto wa watu.”

Hajarudi kwa miaka mingi. Karatasi zake hazijakamilika; akitoka leo huenda asiruhusiwe kuingia tena, na watoto wako kule. Wanaompigia methali kwenye simu hawalijui hilo au wanajifanya hawalijui. Wengine wenye hali bora kuliko yake wamechukua uraia wa huko ili wapate kazi na matibabu, na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika pasipoti mbili; kwa kupata ile wameipoteza yetu. Ndiyo maana suala la kuwapa hadhi maalumu limefika mpaka bungeni. Mtu aliyefungiwa mlango si mtu aliyekataa kuingia.

Basi tumweke wapi binamu yangu? Akitoka zamu ya jioni, huku kwetu kumekucha. Kila siku saa hiyo humpigia mama yake. Anajua jina la dawa ya presha, anajua vimebaki vidonge vingapi, anajua goti lipi linauma zaidi kukiwa na baridi. Amemwomba jirani amwakilishe siku ya mfereji, na baadaye humwuliza jirani huyo kazi ilikwendaje, nani alikuja, ukingo ulibomoka wapi. Binti anayemtunza mama, binamu humwita kwa jina, humwuliza habari za kwao, na anamlipia masomo ya ushonaji. Mimi nasema huyo yuko ngamani, ameinama na ndoo mkononi, ingawa mwili wake uko Texas.

Kisha namtazama mtu anayeishi Pasua au Majengo, mjini Moshi hapahapa, ambaye nauli ya daladala kupanda kwao haizidi bei ya soda chache. Anapanda Krismasi, Pasaka, na akipigiwa simu ya msiba. Akikaa kwenye kiti cha sherehe anaitoa methali kwa sauti kuliko wote, akimtazama mgeni wa Marekani. Anaamini umbali wa kilomita ndio unaohukumu, na kwa kuwa yeye anaiona theluji ya Kibo kila asubuhi kutoka barazani kwake, amekwisha kurudi. Huyo naye ni mwenda omo, tena hana kisingizio cha viza.

Wapo pia watoto. Waliozaliwa Dallas au Columbus huletwa Desemba, husimamishwa mbele ya ukoo, na huambiwa wamerudi nyumbani. Wanashangaa, nao wana haki ya kushangaa, maana mtu harejei mahali ambapo hajawahi kufika. Wamezaliwa huko omo. Ngama hawajaonyeshwa. Tunachowaonyesha ni mbuzi, muziki na mashangazi wanaolia, kisha tunasikitika wanapokwenda kukaa na simu zao kwenye gari. Mwaka ujao mikutano ya ukoo ingeweza kupunguza hotuba moja. Siku ya kusafisha mfereji isogezwe iangukie wiki ya Krismasi, wakati wote wapo. Mtoto apewe jembe na viatu vya mpira, aonyeshwe maji yanatoka wapi na yanaingia kwa nani, aelezwe ni babu yake yupi aliyekuwa akilinda zamu ya maji usiku. Jioni amsaidie bibi kumenya ndizi, hata kama wataongea kwa mikono. Na mzee wa mfereji aliandike jina lake katika orodha ya waliotoka kazini, pamoja na la baba yake, ambaye miaka yote hii alikuwa kwenye orodha ya waliolipa.