Dagaa kwa Ndoo, Papa kwa Mnada

Mwanangu, barua yako nimeipata, na habari kwamba umeingizwa kwenye kamati ya kupandisha vyeo imenifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Unasema wenzako wameandaa jedwali kwenye kompyuta: idadi ya makala, mara zilizorejelewa, fedha za utafiti, wanafunzi wa uzamivu waliohitimu. Kila kigezo kina uzito wake, mwisho inatoka namba moja, na wahadhiri wanapangwa kutoka wa kwanza hadi wa mkiani. Unaniuliza kama hiyo ni haki.

Chukua kalamu. Mhadhiri mmoja ana alama 90 za makala na 40 za kurejelewa. Mwenzake ana 50 na 70. Mkizipa makala uzito wa asilimia 60 na kurejelewa 40, wa kwanza anapata 70, wa pili 58. Geuzeni uzito huo: wa kwanza anashuka hadi 60, wa pili anapanda hadi 62. Hakuna aliyeandika hata sentensi mpya. Ni ninyi mliosogeza jiwe la mizani. Basi uliza mapema kikaoni: uzito huu umepangwa na nani, na ulipangwa kabla ya majina kuonekana au baada yake? Watakununia. Waache wanune.

Na usidhani wakubwa wa dunia wamelimaliza jambo hili. Orodha ya vyuo ya Shanghai, iliyoanza 2003, imetenga asilimia 30 kwa tuzo za Nobel na nishani za Fields, 10 kwa waliosoma chuoni na 20 kwa wafanyakazi wake. Asilimia nyingine 20 ni makala katika majarida ya Nature na Science. Chuo kinachofundisha walimu wa sekondari kitaokota wapi alama hizo? Hata wapangaji wenyewe waliliona hilo kwa upande mmoja: kwa vyuo vya sayansi ya jamii kama London School of Economics, kigezo cha Nature na Science huondolewa na uzito wake hugawiwa vigezo vilivyobaki. Wachuuzi wa samaki wanalijua hili bila semina yoyote. Dagaa huuzwa kwa ndoo, papa hunadiwa peke yake, na hakuna anayesimama pale kuuliza kati yao nani bora.

Kuna hii namba ya h ambayo vijana mnaitaja kama namba ya kiatu. Mwanafizikia Jorge Hirsch aliipendekeza 2005: ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10, h yako ni 10. Ni kipimo chepesi, ndiyo maana kikapendwa. Lakini mwenye makala tatu tu, kila moja ikiwa imerejelewa mara 1,000, ana h ya 3. Mwenye makala tano zilizorejelewa mara tano tano anampita. Tena haiulizi mliandika wangapi. Mwaka 2015 watafiti wa maabara ya fizikia ya CERN walitoa makala moja yenye waandishi 5,154, na kila mmoja wao huihesabu nzima kama yake. Orodha ya vyuo ya Leiden huruhusu makala kugawanywa kwa waandishi wake, na hulinganisha kila makala na nyingine za fani yake, maana mwanahisabati hawezi kurejelewa kama mtafiti wa tiba. Anayepanga kwa namba ajifunze angalau hayo mawili.

Ushauri wangu ni huu. Viashiria viwe vingi, sawa, lakini kila kimoja kibaki kwenye safu yake. Msivichemshe vyote kwenye sufuria moja. Mhadhiri alinganishwe na wa fani yake aliyeanza kazi miaka ileile. Mpeni karatasi yake aikague kabla ya kikao, kwa sababu kompyuta huchanganya watu wenye majina yanayofanana, na pwani yetu akina Juma Ali ni wengi mno. Kisha kila mwombaji alete kazi tatu anazojivunia, nanyi mzisome. Najua mtalalamikia muda. Someni tu.

Nasema hivi kwa sababu mimi sikusoma. Nilikaa kwenye kamati kama yako, chuo nisingependa kukitaja. Lilikuja faili la mwenzetu aliyetembea vijiji vya pwani kwa miaka, akikusanya maneno ya mafundi wa majahazi: majina ya mbao, misumari, viungo, hata hitilafu za tanga. Aliandika kwa Kiswahili, kwenye jarida la hapa nyumbani ambalo halikuwamo kwenye hifadhidata yoyote tuliyoitumia. Safu ya kurejelewa ikasoma sifuri. Mjadala haukuzidi dakika tano, nami niliinua mkono pamoja na wenzangu.

Alistaafu akiwa mhadhiri yuleyule. Mwaka jana nilipita kwenye duka la fotokopi jirani na geti la chuo, nikamkuta mwanafunzi akitoa nakala ya orodha yake ya maneno. Karatasi zilikuwa zimefifia, ni nakala ya nakala. Nilimuuliza ameipata wapi. Akaniambia kila darasa huliachia darasa linalofuata.