Wimbo Uitao Ng'ambo ya Maji: Kuhusu Mapenzi ya Wasikilizaji kwa "Baïlèro"

Kuna swali kongwe katika falsafa ya sanaa ambalo sisi wahakiki wa fasihi hupenda kulikwepa: je, mtu aweza kwa haki kusema kwamba anaupenda wimbo asioelewa hata neno lake moja? Twalikwepa kwa sababu kila jibu lina gharama. Tukisema ndiyo, tumekiri kwamba maneno, ambayo ndiyo riziki yetu, huweza kuachwa kando na sanaa ikabaki imesimama. Tukisema la, tumewahukumu watu wengi wenye masikio mazuri na nyoyo nyofu kuwa wanajidanganya. Makala haya yanakusudia kulikabili swali hilo kupitia wimbo mmoja tu, kwani aghalabu maswali ya aina hii huharibika yanapojadiliwa bila mfano wa kushika mkononi.

Wimbo wenyewe ni "Baïlèro", mojawapo ya nyimbo za kiasili za eneo la Auvergne, katika nyanda za juu za katikati ya Ufaransa. Aliyeufikisha kwa walimwengu ni Joseph Canteloube (1879–1957), mtunzi wa muziki aliyeuandalia okestra na kuutia katika mkusanyo wake Chants d'Auvergne, ambao sehemu zake za kwanza zilitoka katika miaka ya 1920. Lugha yake ni Kioksitani. Wapo wanaodhani kuwa hiki ni Kifaransa kilichopinda, na hilo si kweli. Ni lugha iliyozaliwa na Kilatini sawa na Kifaransa, lugha ya malenga wa karne ya 12 waliouathiri ushairi wa mapenzi wa Ulaya nzima, na lugha ambayo Frédéric Mistral aliitungia tenzi zilizomwezesha kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 1904. Canteloube alisimulia kwamba aliusikia wimbo huu jioni, milimani karibu na Vic-sur-Cère: mchungaji wa kike alikuwa akiimba, na sauti nyingine ikamjibu kutoka mbali.

Maneno yake ni machache na, kwa kweli, ni ya kawaida mno. Ni majibizano. Mmoja anamwita mchungaji aliye ng'ambo ya mto na kumuuliza kama mambo yake ni mazuri. Jibu ni kwamba si mazuri sana. Malisho yamechanua, majani ya upande huu ni laini kuliko ya upande ule. Lakini atavukaje, na kijito kikubwa kimewatenga? Basi ngoja, nakuja kukuchukua. Katikati ya haya yote panarudiwa kiitikio cha silabi zisizo na maana ya kamusi, mwito tu wa wachungaji.

Sasa mtazame msikilizaji. Tangu Madeleine Grey aliporekodi baadhi ya nyimbo hizi mwaka 1930, "Baïlèro" umewaandama watu kama pepo. Masoprano wa mataifa mengi wameuimba: Victoria de los Ángeles wa Barcelona, Netania Davrath wa Israeli, Kiri Te Kanawa wa New Zealand. Katika filamu ya Henry V ya mwaka 1944 William Walton aliutumia bila maneno kabisa. Na wanaoupenda wanapoombwa waseme kwa nini, huzungumzia majonzi, upweke, kiu ya mahali wasipopajua, mtu aliyekwenda zake asirudi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo katika maneno. Wanaimbiwa habari za majani na maji, nao wanalia.

Je, wamekosea? Eduard Hanslick, katika kitabu chake cha mwaka 1854 kuhusu uzuri wa muziki, angesema kwamba muziki haubebi hisia hata kidogo. Tunachokipenda ni sauti zinavyokwenda na kupangika, na machozi ni mambo ya anayelia. Kwa Hanslick basi hakuna kosa katika kutoelewa maneno, maana hayakuwa na kazi tangu mwanzo. Upande wa pili yuko Augustino, ambaye katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anakiri kuwa anaposisimuliwa na uimbaji kuliko na jambo linaloimbwa, hujiona ametenda dhambi ya kustahili adhabu. Mimi huona kwamba wengi wetu katika idara za fasihi ni wafuasi wa Augustino bila kujijua. Tumewazoesha wanafunzi kuuliza maudhui ni nini kabla ya kuuliza chochote kingine, na fani tumeifanya kikapu cha kubebea maudhui. "Baïlèro" unakivunja kikapu hicho. Maudhui yake ukiyamimina mezani hayatoshi kumfanya mtu akohoe.

Lakini Hanslick naye hanitoshi, na sababu yangu naipata kwa Kant. Katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uamuzi, Kant anasimulia juu ya mwenye nyumba ya wageni ambaye, ili kuwafurahisha wageni wake, alimficha kijana kichakani aigize sauti ya ndege aitwaye chiriku wa usiku. Wageni wakapendezwa. Ila, asema Kant, mara tu mtu ajuapo kuwa ni hila, hawezi tena kuuvumilia wimbo ule aliouona mtamu sekunde chache zilizopita. Sauti ni ile ile. Kilichobadilika ni ujuzi wetu wa nani anayetoa sauti hiyo. Kumbe basi tunaposikiliza hatupendi mpangilio wa sauti peke yake. Tunapenda sauti ya fulani.

Hapa ndipo penye utamu wa jambo. Soprano aliye studioni, mwenye mafunzo ya miaka mingi, si mchungaji wa Cantal, na kila msikilizaji analijua hilo. Hila iko wazi tangu dakika ya kwanza, na bado mapenzi hayapungui. Kwa nini kijana wa Kant anatuudhi na soprano hatuudhi? Naona ni kwa sababu ndege hamwiti mtu. Wimbo wa ndege tukiupenda twaupenda kwa vile hautuhusu. "Baïlèro" ni mwito, na mwito hauulizi kama mwitaji ana kondoo kweli. Soprano mmoja anaimba pande zote mbili: anauliza, kisha akiwa hodari huipunguza sauti na kujijibu kana kwamba jibu limetoka mlima wa pili. Kati ya swali na jibu Canteloube ameweka piano inayotiririka, na ala za kupuliza, ikiwamo oboi, ambayo mtu wa pwani yetu ataitambua kama ndugu wa zumari. Yeye mwenyewe alieleza kuwa mkulima aimbapo kondeni huwa anasindikizwa na mandhari yote yaliyomzunguka, na kwamba kazi ya okestra ni kuyarejesha hayo yaliyopotea wimbo unapong'olewa mahali pake. Okestra basi ndiyo mto wenyewe.

Tukilitazama hivyo, kutoelewa kwa msikilizaji si kasoro iliyotoka nje ya wimbo. Mtu aliye ng'ambo ya maji husikia nini? Husikia kwanza kwamba kuna anayeita. Maneno humfikia yamemeguka, pengine hayamfikii kabisa. Msikilizaji wa mbali amesimama mahali pale pale ambapo wimbo unamhitaji mtu asimame. Kwa hiyo nasema bila kusitasita kwamba mapenzi yake ni ya kweli, na kwamba Augustino, pamoja na heshima zake zote, alikuwa mkali kupita kiasi.

Laiti mambo yangeishia hapo! Kuna swali la pili, na hili ni la kimaadili. Si wote wanaotosheka na kupenda kabla ya kuelewa; wako wanaopenda kwa sharti la kutoelewa. Nimewahi kuwasikia watu wakiomba wasitafsiriwe maneno, eti wimbo utaharibika. Wanataka ubaki sauti kutoka kwenye ulimwengu uliokwisha. Na hapo sina budi kukumbusha jinsi ulimwengu huo ulivyofikishwa mahali pa kudhaniwa umekwisha.

Mwaka 1794, Abbé Grégoire aliwasilisha mbele ya Bunge la Mapinduzi ripoti iliyopendekeza lugha za mikoa zifutwe na Kifaransa kienee kila mahali. Sheria za Jules Ferry za miaka ya 1880 zilipoleta elimu ya lazima, ilikuwa elimu ya Kifaransa. Mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani alikabidhiwa alama ya aibu, kipande cha ubao au kitu kingine duni, akae nacho mpaka amkamate mwenzake katika kosa hilo hilo na kumpitishia. Waoksitani wana neno lao kwa hali nzima iliyotokana na hayo: vergonha, yaani aibu. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), ameeleza jinsi katika shule za utoto wake kitufe kilivyopita kutoka mtoto hadi mtoto, na jioni kikafichua waliosema Kigĩkũyũ. Mbinu ni moja, mpaka katika ukatili wake wa kumfanya mtoto awe mpelelezi wa mwenziwe.

Linganisha tarehe. Nyimbo za kwanza za Canteloube zilitolewa mwaka 1924. Sheria ya Deixonne, iliyoruhusu kwa mara ya kwanza Kioksitani kifundishwe shuleni, tena kwa uchache na kwa hiari, ilipitishwa mwaka 1951. Kwa zaidi ya robo karne watu wa mijini waliweza kuupigia makofi wimbo wa mchungaji ukumbini, ilhali watoto wa mchungaji huyo wanaadhibiwa kwa kuyasema maneno ya wimbo huo darasani. Sidhani kwamba waliopiga makofi walikuwa wanafiki. Nadhani mambo hayo mawili yalisaidiana: lugha ilipendeza ukumbini kwa kadiri ilivyokuwa imenyamazishwa kwingineko. Hata siasa ilijua kuyatumia mapenzi ya aina hiyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia utawala wa Vichy ulimtukuza mkulima na ardhi yake kama picha ya Ufaransa safi, na Canteloube mwenyewe alishirikiana na utawala huo. Simtaji ili wimbo ulaaniwe pamoja naye. Namtaja kwa kuwa picha ya mchungaji asiye na jina, asiye na madai, anayeimba jioni mlimani, ni picha ambayo kila mtu aweza kuitumia, kwa kuwa aliye ndani yake haruhusiwi kusema lolote lenye kueleweka.

Yawezekana nikaulizwa: msikilizaji wa leo wa Nairobi au Tokyo ana hatia gani? Hana. Hakumvika mtoto yeyote ubao. Lakini hatia na deni ni mambo mawili, na mtu huweza kudaiwa bila kuwa amekosa. Aliyeitwa akasikia, na akafurahi kwa kusikia, anadaiwa angalau kuuliza: umesemaje? Kupenda kabla ya kuelewa ni jambo la heshima. Kukataa kuelewa ili pendo lisisumbuliwe ni kumpenda mwitaji kwa sharti kwamba asiwepo.

Isitoshe, anayekubali kutafsiriwa hapati hasara anayoiogopa. Atagundua kwamba wimbo alioudhani ni kilio ni maamkizi ya majirani, una mzaha kidogo ndani yake, na unaishia kwa ahadi ya mtu kumfuata mwenziwe. Huzuni nyingi ni ya okestra na ya kwetu. Tangu hapo huusikia tofauti, na kwangu mimi ni bora zaidi. Ndiyo maana, mbele ya Te Kanawa, ambaye sauti yake yamwagika kama hariri mpaka konsonanti zazama, namchagua Davrath. Rekodi yake ya miaka ya 1960 ina sauti nyembamba, kavu kidogo, ya mtu anayetaka kusikika upande wa pili wa bonde, na maneno yake yana ncha. Wapenzi wa Te Kanawa watanigombeza, na wanigombeze.

Kioksitani hakijafa. UNESCO imeiorodhesha lahaja ya Auvergne miongoni mwa zilizo katika hatari kubwa, lakini tangu mwaka 1979 kumekuwako shule ziitwazo calandretas, ambamo watoto hufundishwa kwa lugha hiyo. Na tangu miaka ya 1980 kundi la Massilia Sound System la Marseille limekuwa likiimba kwa Kioksitani cha huko, kwa mdundo wa rege, habari za mji wao, wanasiasa wao na vilabu vyao. Hadhira yao hucheka mahali pa kucheka, kwa sababu inaelewa. Sijapata kumsikia mtu akisema kwamba nyimbo hizo zinamwandama kama pepo, wala sijui ni wangapi kati ya wanaolia kwa "Baïlèro" wangekubali kuzisikiliza hadi mwisho.