Dakika Tano za Ketchikan

Meli za kitalii zinazofunga gati Ketchikan, kusini-mashariki mwa Alaska, huwaachia abiria wao saa chache tu za kutembea. Wengine huenda kutazama samoni wakipanda mto au nguzo ndefu zilizochongwa na Watlingit, wenyeji wa asili wa huko. Wenye pesa zaidi hupanda ndege ndogo inayotua majini na kwenda Misty Fjords, ambako kuta za mawe zimesimama wima kandokando ya bahari na hakuna barabara inayofika.

Tarehe 25 Juni 2015, abiria wanane wa meli ya Westerdam walifanya safari hiyo. Walitua Rudyerd Bay, ghuba ya huko Misty Fjords, wakajionea, kisha ndege ikapaa kuwarudisha. Saa sita ilikuwa imekwisha kupita, na meli ilipangiwa kuondoka saa saba mchana.

Kutoka Rudyerd Bay kurudi mjini marubani walikuwa na njia mbili. Ya kwanza hufuata mikono ya bahari na huchukua kama dakika 30. Ya pili hukatiza juu ya nchi kavu yenye milima, kama dakika 25. Mchana ule mawingu yalikuwa yameshuka na mvua inanyesha. Rubani, ambaye hakuwa ametimiza miezi miwili akirusha watalii katika eneo lile, alishika njia fupi. Karibu na ziwa la Ella ndege ikagonga mlima. Walikufa wote tisa.

Ndani ya ndege mlikuwa na kifaa cha kumwonya rubani anapokaribia mlima, lakini maonyo yake yalikuwa yamezimwa. Anayeruka chini chini kati ya milima kila siku husikia kelele zake muda wote, mwishowe akaziona kero. Hapo ndipo ninapoumia zaidi, kwa sababu kilichonyamazishwa ndicho kilichowekwa kwa ajili ya mchana kama ule. Wachunguzi wa ajali wa serikali ya Marekani hawakumlaumu rubani peke yake. Walisema kampuni yake ilikuwa na mazoea ya kuvumilia urukaji katika hali mbaya ya hewa, huku ushindani wa biashara na ratiba za meli vikiibana.

Na zile dakika tano hazikuwa na thamani yoyote. Matembezi yale yaliuzwa kupitia kampuni ya meli yenyewe, na kampuni hizo kwa kawaida huahidi kuwangoja wateja wa matembezi yao wanapocheleweshwa, au kuwafikisha bandari inayofuata. Wala haikuwa ajali ya mwisho: Agosti 2021 ndege nyingine ilianguka ikitoka huko huko Misty Fjords, mawingu yakiwa chini. Watu sita wakafa, watano kati yao wakiwa abiria wa meli.

Ndugu zetu wanaoishi Seattle, ambako nyingi ya meli hizi huanzia safari, wasiogope kwenda Alaska. Waogope kumharakisha rubani. Akisema leo haendi, mshukuru na uchukue boti. Misty Fjords hufikika kwa boti pia. Na kabla ya kulipa, mwulize anayekuuzia: mawingu yakishuka tutarudi kwa njia gani, na tukilazimika kusubiri huko, nani atakayemwarifu nahodha wa meli?