Kasi Siyo Haraka

Haraka haraka haina baraka. Methali hii tumeibandika kwenye insha zetu tangu darasa la tano bila kuiuliza inamsema nani. Sasa treni ya mchongoko imekuja, na nadhani inatulazimisha tuiulize.

Imeundwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini, pua imechongwa ikate upepo, inatumia umeme, inaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa. Reli yake ilizinduliwa rasmi Agosti 1, 2024, na Dar es Salaam hadi Dodoma siku hizi ni saa nne au pungufu. Je, safari hiyo haina baraka? Mimi nakataa. Haraka ni ya moyo, kasi ni ya chombo. Abiria wa mchongoko anasinzia zake; dereva wa daladala anayeovateki kwenye mlima barabara ya Moshi ndiye mwenye haraka, hata akiwa amekwama kwenye foleni.

Kwa hiyo wale wanaoulilia mwendo wa zamani kana kwamba kuchelewa ni utu, siko nao. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili hana faida na ushairi wa kuchelewa.

Lakini kasi ina bei yake, nayo ni kutosimama. Reli ya kwetu ilifika Arusha mwaka 1929. Treni ya abiria ilikufa miaka ya tisini mwanzoni, ikarudi 2020, inapita Ruvu, Korogwe, Same, Moshi, inasimama hadi uchoke. Mama mkubwa wangu, enzi za ujana wake, aliuza ndizi mbivu kwenye madirisha ya treni hiyo. Nilipomwambia kwamba madirisha ya mchongoko hayafunguki kwa sababu ndani kuna kiyoyozi, akacheka sana.

"Sasa mwanangu, ndizi nitamuuzia nani, kioo?"

Nimelifikiria jibu lile kuliko alivyokusudia mwenyewe. Aliyechora treni hakuwa na ubaya wowote. Alimfikiria abiria: kiti, hewa, usalama. Muuza ndizi hakuwemo kwenye karatasi, basi. Watu husema hiyo ni bahati mbaya, si dhuluma, maendeleo hayawezi kumngoja kila mtu. Sawa. Ila zile saa tulizookoa hazikutoka hewani. Nyingine ni dakika ambazo treni ilikuwa imesimama stesheni, na ndani ya dakika hizo mlikuwa na ada ya shule ya mtoto wa mtu. Aliyechukua kitu cha mwenzake, hata bila kujua, ana deni. Kulilipa siyo sadaka. Kibanda ndani ya stesheni mpya, kwa kodi anayoiweza mwenye beseni, kingekuwa mwanzo.

Reli mpya haijafika kwetu. Tunasikia tu habari za Tanga, Arusha hadi Musoma. Mama mkubwa ameshaniuliza stesheni ya Usa River itakaa upande gani wa barabara. Nikamwambia sidhani kama watasimama Usa River.