Wazo la Leo: Kiti cha Nyuma Kinatosha

Ndugu yangu unayetaka kuacha pombe, kuingia mkutano wa kwanza ndiko kugumu. Ingia tu. Katika vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, hakuna ada, na sharti la uanachama ni moja: kutaka kuacha kunywa. Jina la kwanza latosha. Hutaki kusema? Kaa nyuma, usikilize. Wengi hukutania ukumbi wa kanisa, penye viti vya plastiki na chupa ya chai. Dini yako haiulizwi. Kikundi kimoja kisipokufaa, jaribu kingine. Ila kama mikono hutetemeka usipokunywa asubuhi, muone daktari kwanza, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Hujui pa kuanzia? Ulizia hospitalini, kitengo cha afya ya akili.