Utulivu wa Kuazima

Mzee aliyenifunza kazi ya gari la wagonjwa mjini Mombasa alikuwa na ada moja ambayo katika miezi yangu ya mwanzo niliidhania kuwa ni uzembe, baadaye nikaidhania kuwa ni ibada, na leo, miaka mingi baada ya kumtia kaburini, naona haya kuipa jina lolote. Kila tulipofika mlangoni mwa nyumba yenye mgonjwa, mayowe yakitoka ndani na majirani wakituvuta mikono tuingie upesi, yeye alisimama kizingitini, akavua miwani yake, akaipangusa kwa pindo la shati, kioo cha kulia kwanza kisha cha kushoto, akaivaa tena, ndipo akaingia. Haikuwa kazi ya zaidi ya pumzi tatu. Lakini kwa kijana aliyeshika ncha ya pili ya machela, moyo ukimpiga hata masikioni, pumzi tatu zile zilikuwa ndefu kuliko kuvuka Likoni kwa feri siku ya Idi.

Jina lake silitaji, kwa kuwa katika uhai wake hakupenda kutajwa, na wanawe wangali hai. Nitasema tu kwamba alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, mpenda taarabu na kahawa chungu, na kwamba vijana wasiopungua kumi walipita mikononi mwake kabla yangu na baada yangu, akatufanya sote, ambao tuliingia kazini tukiwa na pupa na hofu, tuwe watu wanaoweza kuaminiwa na roho ya mwenzao.

Watu husema juu ya mtu wa namna ile kwamba amejaaliwa utulivu, kama asemwavyo mwengine kwamba amejaaliwa sauti au kimo. Mimi nilikaa naye karibu, na kauli hiyo siikubali. Utulivu mbele ya msiba, kwa kadiri nilivyouona, si hulka ambayo mtu huzaliwa nayo, wala si mali aliyoichuma kwa jasho lake peke yake akaifungia sandukuni. Ni kitu ambacho kwanza mtu hukitwaa kwa mwenziwe, akakitumia kabla hajastahiki kuwa nacho, na kwa kukitumia akafanana nacho kidogo kidogo. Mwaka wangu wa kwanza mimi sikuwa na utulivu hata chembe. Niliutumia wake.

Hapo lugha yetu hutudai tuseme kwa hadhari, kwa maana imetenga kuazima na kukopa. Aazimaye jembe hurudisha jembe lile lile. Akopaye kibaba cha mchele hurudisha mchele mwengine, kwani ule wa kwanza umekwisha liwa. Basi utulivu nilioutwaa kwa mzee yule niliuazima au niliukopa? Kama niliuazima, ilinipasa kumrudishia mwenyewe, nami sikumrudishia, wala hakuudai, wala haukupungua kwake siku hata moja. Kama niliukopa, nimelipa kwa mtu ambaye hakunikopesha, yaani kijana aliyekuja nyuma yangu. Nimelitafakari jambo hili mara nyingi, na mfano ulio karibu nalo naupata katika yale tuliyoyaona utotoni, mama alipomtuma mtoto kwa jirani na kifuu cha nazi kwenda kutaka moto. Jirani alitoa kaa lake na moto wake ukabaki pale pale. Hilo ni wazi kwa kila mtu, wala si hilo linalonishughulisha. Linalonishughulisha ni mwendo wa mtoto yule njiani. Akienda mbio, upepo ulipeperusha cheche zikamwunguza mkono akatupa kifuu. Akienda kwa kuzubaa, alifika na majivu. Ulikuwako mwendo mmoja tu wa kuufikisha moto nyumbani, na hapana aliyetueleza kwa maneno mwendo huo ni upi. Tuliujua kwa kuwafuata waliotutangulia.

Usiku mmoja tuliitwa Mji wa Kale, kwa bibi mmoja aliyeshikwa na pumu orofani. Gari haliwezi kupenya vichochoro vile, tukaliacha barabarani tukaenda kwa miguu. Mimi, kwa ujana, nilitoka mbio na mtungi wa oksijeni begani, nikapanda ngazi mbili mbili, nikawaacha nyuma mzee na miwani yake, nikafika juu nikiwa sina pumzi kama mgonjwa mwenyewe, na hapo ndipo nilipotambua kwamba ufunguo wa kufungulia mtungi nimeusahau garini. Nilisimama na mtungi mikononi mbele ya mtu anayekosa hewa, hewa imo ndani, na mimi sina njia ya kuitoa. Wanawe wawili walinikazia macho. Sijapata kuona macho marefu kama yale.

Mzee aliingia. Hakuniuliza lolote. Alimketisha bibi wima, akampa ukingo wa meza aegemee kwa mikono yote miwili, akachuchumaa mbele yake, akamwambia, “Bi mkubwa, tupumue sote. Mimi nimepanda ngazi, nami nimechoka. Toa pole pole, kama wapuliza chai.” Na huku akimtazama bibi, bila ya kugeuza shingo, akaniambia mimi kwa sauti ile ile, “Mwanangu, ufunguo umo mfuko wa mlango wa kushoto. Nenda kwa kutembea.” Nikaenda kwa kutembea. Naapa kwamba nilikwenda na kurudi upesi kuliko kama ningalikimbia, kwa kuwa sikupotea kichochoro wala sikujikwaa.

Tulipokwisha kumfikisha hospitali, nilingoja karipio. Mzee aliniuliza, “Ngazi za nyumba ile zilikuwa ngapi?” Nikasema sikuzihesabu. “Kumi na saba,” akasema, “na ya tano imevunjika pembe. Sisi twapanda na mtungi, lakini twashuka na mtu, na mmoja wetu hushuka kinyumenyume.” Hayo ndiyo yaliyokuwa karipio lote.

Nikiyaweka pamoja mambo yale mawili, miwani na ngazi, naona kwamba kile tulichokiita utulivu kwa hakika kilikuwa kuona. Mtu aliyetaharuki huona kitu kimoja tu, kile kinachomtisha, na vyote vingine huwa giza: ufunguo, pembe ya ngazi, mtoto aliyejikunyata nyuma ya mlango, dawa alizokuwa akizitumia mgonjwa zilizo juu ya kabati. Pumzi tatu za kizingitini zilikuwa bei ya kununulia macho. Wala sisemi hivyo kwa kuwa kioo kilichopanguswa huona zaidi, ijapokuwa katika joto la Mombasa miwani ya mtu mwenye jasho huwa kama dirisha la mvua. Nasema hivyo kwa kuwa yeye, katika muda ule, alikuwa akijirudisha mahali alipo.

Wako watakaosema kwamba utulivu wa namna hiyo ni jina zuri la moyo mgumu, na kwamba mtu aliyekwisha kuona maiti mia hapana ajabu akiingia kwenye msiba wa mia na moja kama aingiaye dukani. Dhana hiyo nilikuwa nayo mimi pia. Iliniondoka siku tuliyomchukua mtoto wa miaka minne aliyezama, tukashinikiza kifua kile kidogo njia nzima, na tulipofika tukaambiwa tuache. Ilikuwa ada ya mzee kuliosha gari mwenyewe baada ya kazi, na wakati huo hakuna aliyemsemesha. Siku hiyo aliliosha, akakausha sakafu kwa tambara, akaketi, kisha akainuka akachota maji tena akaliosha upya, gari lililokuwa safi. Moyo mgumu haufanyi kazi mara mbili. Yule alikuwa na huzuni kama sisi, bali alikuwa ameipa saa yake na mahali pake, nayo ilikubali kungoja.

Je, kitu kama hiki chaweza kutiwa katika watu ambao ulimwengu umekwisha kata shauri kwamba hawanacho? Ushahidi mmoja wa dhahiri nimeupata mbali na pwani yetu, katika mji wa Pittsburgh, nchini Marekani. Mpaka katikati ya miaka ya 1960, mtu aliyeanguka ghafla katika mji ule alichukuliwa na gari la polisi au na gari la kuchukulia maiti, bila ya mtu wa kumtunza njiani. (Mtu na afikiri jinsi ilivyo kuzinduka na kujikuta ndani ya gari la maiti.) Tabibu mmoja mzaliwa wa Vienna, Peter Safar, ambaye utafiti wake wa miaka ya 1950 ulithibitisha faida ya kumpulizia hewa mdomo kwa mdomo aliyekatikiwa na pumzi, alifiwa na binti yake kwa pumu mwaka 1966, na mwaka uliofuata akashirikiana na wengine kuasisi huduma iliyoitwa Freedom House, katika mtaa wa watu weusi wa Hill District. Waliochukuliwa kufunzwa walikuwa watu wa mtaa ule ule, aghalabu vijana wasio na kazi, baadhi yao hawakumaliza shule, baadhi wametoka vitani Vietnam, ambao wenye kuajiri waliwatazama kama watu wasiofaa kitu. Walifunzwa mamia ya saa, wakawa miongoni mwa wa kwanza katika nchi ile kutoa matibabu ya kweli njiani, ndani ya gari.

Katika habari zao, inayonigusa ni ya John Moon. Alikuwa mtumishi wa wodini, na amesimulia mwenyewe jinsi alivyowaona wawili wa Freedom House wakiingia hospitali kumchukua mgonjwa, wanavyosimama, wanavyosema, wanavyoshika kazi kama watu wenye amri, naye papo hapo akataka kuwa kama wao. Tazama mpango wa mambo ulivyo: hakujua bado wanachokijua, aliuona kwanza mwendo wao, ilimu ikaja baadaye. Mwaka 1975 mji ulianzisha huduma yake, Freedom House ikafungwa, na wengi wa watu wale hawakudumu katika utawala mpya. Moon alidumu, akapanda hata akawa naibu wa mkuu wa huduma ile, na miongoni mwa aliowaingiza kazini na kuwalea ni Amera Gilchrist, ambaye mwaka 2023 aliwekwa kuwa mkuu wake. Na daktari Nancy Caroline, aliyekuja kuwaongoza Freedom House mwaka 1974 na kisha akaandika kitabu cha kufundishia kazi hii, katika miaka ya 1980 alikuja Nairobi akatumika na AMREF, shirika la madaktari warukao kwa ndege lililoasisiwa mwaka 1957. Sidai kwamba kaa lolote la Pittsburgh liliangukia kifuu cha mzee wangu. Yeye alianza kazi zamani. Nasema tu kwamba njia za moto ni nyingi.

Kitabu chaweza kuandika kwamba kifua hushinikizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, na sanamu ya mpira yaweza kutumiwa kuizoeza mikono mpaka isikosee. Lakini sanamu haina jamaa. Haina mama anayelia mlangoni, haina mjomba mwenye kudai kwamba mmechelewa, haina usiku. Ndiyo maana mwanafunzi hodari wa darasani hufika penye mgonjwa wake wa kwanza akawa mfano wa mtu aliyemwagiwa maji, akageuka kumtafuta aliyekwisha pita hapo.

Huambiwa kwamba mwalimu hafi maadamu wanafunzi wake wapo. Hapo nasita. Kile kilichopita kwetu kutoka kwa mzee yule ni kidogo mno kwa kadiri ya yeye alivyokuwa. Nyimbo alizozipenda hazikupita. Mizaha yake, ambayo mingine haikuwa na murua, haikupita. Wala ukaidi wake katika mambo ya fedha, wala jinsi alivyomtaja marehemu mkewe kwa jina la utani. Mtu mzima ameingia udongoni, na kilichobaki juu ni kusimama mlangoni kwa pumzi tatu. Sitaki kujidanganya kwamba hilo ndilo yeye.

Usiku mmoja mwaka jana dada yangu mkubwa alianguka nyumbani kwetu Kisauni, tunakokaa orofa ya pili, akapooza upande mmoja na ulimi ukamlemea. Gari lilipokuja alishuka binti wa miaka ishirini na kitu pamoja na mwenziwe wa kiume. Nami, niliyefanya kazi ile, niliyejua yote niliyoyaandika hapa, nilimshika binti yule mkono nikamvuta, nikapaaza sauti, nikamwambia ingia, mwanangu, ingia upesi. Akasimama kizingitini. Akashika pindo la shati lake, akapangusa kiganja cha kulia, kisha cha kushoto, akavaa glavu, akaniambia, “Shikamoo babu. Tumefika.” Hakuwa na miwani.

Siku chache baadaye, dada alipokwisha pata nafuu, nilimwuliza binti yule kwa nini hufanya vile. Akacheka, akasema hakuwahi kufikiri. Labda ameiga kwa kijana mmoja wa Changamwe aliyemfunza. Kijana huyo simjui. Lakini usiku ule sikuuliza kitu. Nilikuwa nyuma yao ngazini, nimechukua kanga na viatu vya dada, na binti alikuwa upande wa chini wa machela, akishuka kinyumenyume gizani, bila ya kuangalia miguu yake, akihesabu kwa sauti ndogo, tisa, kumi, kumi na moja.